Jibini la Maziwa ya Jana na Leo

Kinachonivuta kwenye jibini la Lancashire ni maziwa ya jana. Zamani, katika kaunti hiyo ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mfugaji mdogo hakupata kwa siku moja maziwa ya kujaza kalibu. Basi nyumbani waligandisha yaliyopo, wakachuja maji, mgando ukawekwa ungoje wa kesho, pengine na wa kesho kutwa, ndipo wakachanganya.

Graham Kirkham wa Goosnargh bado hufanya hivyo kwa maziwa mabichi, kama mama yake Ruth alivyofanya, na bibi yake kabla ya hapo. Kwake uvumilivu ndio ufundi wenyewe. Bakteria wa kuchachusha hutiwa kidogo mno, ili uchachu uje wenyewe bila kusukumwa. Mgando hukatwa, hukandamizwa, humegwa kwa mikono, kisha hukandamizwa na kumegwa tena, maji yakitoka taratibu. Wa jana umeshachachuka. Wa leo bado laini, mtamu. Huchanganywa, husagwa, hutiwa chumvi, huingizwa kalibuni. Jibini likishatoka hufungwa kitambaa na kupakwa siagi, likakomae. Migando hiyo hushikana bila kuungana kabisa. Ndiyo maana kipande humeguka kirahisi, kikayeyuka mdomoni kama siagi. Lionje likiwa limeacha ubaridi wa friji, kisha weka jingine juu ya mkate, lichome: wenyeji wamelipenda hivyo tangu zamani.

Mwishoni mwa karne ya 19 Joseph Gornall alipita mashambani akiwafundisha watengenezaji utaratibu mmoja. Vita Kuu ya Pili vikaja, serikali ikataka jibini gumu la mgao, si laini kama hili. Mashamba 202 yaliyotengeneza Lancashire mwaka 1939 yalibaki 22 kufikia 1948. Uchungu wa hesabu hiyo haujanitoka.

Baada ya vita viwanda vilileta Lancashire nyingine: ya mgando wa siku moja, nyeupe, yenye uchachu mkali, inayouzwa mapema. Nayo humeguka, ila kwa ukavu. Maelfu wamekulia hiyo na kuipenda kwa dhati; nani awaambie kwamba si yenyewe?

Mimi nasimama na Kirkham. Lakini ng'ombe wa leo wanatoa maziwa tele, na kalibu hujaa kwa siku moja. Kijana anayeanza kazi hii, mwenye mkopo wa benki, ataungoja mgando wa kesho kwa sababu gani? Na mnunuzi yuko tayari kulipia usiku huo mmoja?