Mondragón: Shule Iliyotangulia Vyama

Kila mwaka hesabu za chama zinaposomwa katika Mkutano Mkuu, na katibu akafika kwenye fungu linalotengwa kwa ajili ya elimu, hakosekani mwanachama wa kuinua mkono. Huuliza kwa nini fedha hizo zisiongezwe katika malipo ya pili, kwani yeye alileta kahawa yake ghalani, hakuja kuomba masomo. Swali hilo si la upuuzi, wala halistahili kujibiwa kwa ukali. Habari za shule moja ndogo iliyoanzishwa nchini Hispania mwaka 1943 zaweza kumsaidia katibu kulijibu, kwa sababu huko mambo yalikwenda kinyume cha yalivyozoeleka. Si chama kilichojenga shule, bali shule ndiyo iliyojenga vyama.

Mji wenyewe huitwa Mondragón, na wenyeji wake, ambao ni Wabaski, huuita Arrasate kwa lugha yao. Uko katika bonde jembamba kaskazini mwa Hispania, na tangu kale watu wake ni mafundi wa chuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1936 hadi 1939 viliuacha mji huo katika upande ulioshindwa, nao ukaingia katika miaka ya njaa na ukosefu wa kazi. Mwezi Februari 1941 aliletwa pale padre kijana, José María Arizmendiarrieta, aliyezaliwa mwaka 1915 katika familia ya wakulima. Alikuwa amepoteza jicho moja tangu utotoni, na wakati wa vita aliandika katika gazeti la upande wa Wabaski, jambo lililomtia kifungoni.

Shule ya ufundi ilikuwapo moja tu mjini, mali ya kampuni ya Unión Cerrajera iliyotengeneza makufuli na vyuma. Shule hiyo ilipokea hasa watoto wa wafanyakazi wa kampuni. Padre aliomba mlango wake ufunguliwe kwa watoto wote wa mji, ombi likakataliwa. Hapo ndipo alipoamua kwamba mji utajenga shule yake wenyewe.

Namna alivyochangisha ndiyo sehemu ambayo makatibu wafaa kuisoma taratibu. Masanduku yaliwekwa kwenye njia panda za mji, na kila mtu aliyetaka aliandika katika karatasi kiasi gani angeweza kutoa, iwe fedha au kazi ya mikono, kisha akaitumbukiza. Mji ulikuwa na watu wapatao 8,600, na karatasi zilizorudi zilikaribia 600. Kwa hesabu hiyo, mtu mzima mmoja katika kila saba hivi aliahidi kitu. Lakini karatasi ile haikuwa stakabadhi ya sadaka. Aliyechangia alipata haki ya kushiriki katika kuiunda shule na kupiga kura. Wachangiaji walipangwa katika makundi, na kila kundi likapeleka wajumbe wake katika halmashauri ya shule. Wakuu wa serikali ya mji na wenye viwanda nao walikuwamo, ila hawakuweza kuifanya shule kuwa yao. Ikumbukwe kwamba nchi ilikuwa chini ya utawala wa Jenerali Franco, na palikuwa na mahali pachache sana ambapo mtu wa kawaida aliweza kupiga kura juu ya jambo lolote.

Shule ilifunguliwa mwaka 1943 ikiwa na wanafunzi 20. Ilifundisha ufundi wa mitambo na kazi za chuma, na padre mwenyewe alifundisha masomo ya dini na ya jamii, akisisitiza heshima ya kazi na wajibu wa mtu kwa wenzake. Kila kundi lilipomaliza darasa la juu, darasa jingine liliongezwa. Walipofika kikomo cha yale ambayo shule iliruhusiwa kufundisha, mpango ulifanywa na shule ya uhandisi ya Zaragoza ili vijana wasome Mondragón na kwenda kule kufanya mitihani tu. Walisoma jioni na siku za mapumziko, mchana wakiwa kazini viwandani. Mwaka 1952 vijana 11 walihitimu kwa njia hiyo, watoto wa mafundi na vibarua ambao kwa desturi ya wakati ule wasingefika huko.

Watu hao walipopata vyeo katika Unión Cerrajera walijaribu kuishawishi kampuni iwaruhusu wafanyakazi kuwa na sehemu katika umiliki wake. Walipokataliwa, watano kati yao waliacha kazi. Mwaka 1955 walikusanya kutoka kwa watu wapatao mia moja kiasi cha peseta milioni 11, wakanunua kiwanda kidogo kilichokuwa kimefilisika katika mji wa Vitoria, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga chao Mondragón. Walikiita Ulgor, jina lililoundwa kwa herufi za majina yao matano. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Mwaka 1959 ilifuata benki ya ushirika, Caja Laboral, ambayo ilikusanya akiba za wananchi na kuvikopesha vyama vipya. Inafaa kuhesabu hapa: tangu shule ifunguliwe hadi chama cha kwanza kuanza ilipita miaka 13. Mwanachama anayetaka kuona faida ya fedha za elimu katika msimu ujao wa mauzo anadai ambalo hata Mondragón haikulipata.

Shule nayo haikukaa kusubiri ruzuku. Mwaka 1966 kilianzishwa chama kilichoitwa Alecop, ambamo wanafunzi walifanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku. Walijenga na kuuza bidhaa halisi, wakalipia masomo yao kwa jasho lao, na walikuwa wanachama wenye kura. Mtindo wa elimu na kazi kwenda pamoja ulihubiriwa sana katika nchi zetu miaka ya 1960 na 1970. Tofauti iliyopo ni kwamba Alecop ilikuwa na daftari la hesabu lake, na mwanafunzi alijua shilingi yake imeingia wapi.

Padre Arizmendiarrieta alifariki Novemba 1976. Hakuwahi kuwa meneja wa chama chochote kati ya hivyo.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2013. Fagor Electrodomésticos, kiwanda cha majokofu na majiko kilichotokana na ile Ulgor ya mwanzo, kilielemewa na madeni na kufilisika. Vyama vingine vilikuwa vimekiokoa kwa fedha zaidi ya mara moja, mwishowe vikasema basi. Wanachama wengi walihamishiwa katika vyama ndugu, lakini fedha walizoweka kama mikopo kwa chama zilikuwa hatarini, na uchungu wa jambo hilo haujasahaulika mjini. Haifai kuwaficha wanachama sehemu hii ya habari, maana ushirika hauwi kinga dhidi ya soko. Lakini shule haikufungwa. Haikuwa idara ya kiwanda hicho, wala haikutegemea mkono mmoja.

Leo shule ile ni sehemu ya chuo kikuu, Mondragon Unibertsitatea, kilichotambuliwa kisheria mwaka 1997 kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha biashara na chuo cha walimu, kila kimoja kikiwa chama cha ushirika. Si mali ya serikali. Huishi kwa ada, kwa kazi za utafiti zinazoagizwa na viwanda, na kwa michango ya vyama. Sheria ya ushirika ya Wabaski hutaka kwa kawaida asilimia 10 ya ziada ya mwaka itengwe kwa elimu na mambo mengine ya manufaa ya umma. Kwa kulinganisha, waanzilishi wa Rochdale katika miaka ya 1850 walitenga asilimia 2.5 kwa elimu, nao walikuwa watu wa kazi wa kipato kidogo. Ada za Mondragón si ndogo, na wako wanaolalamika kwamba mtoto wa kibarua wa leo huona mlango ule kuwa mwembamba kuliko alivyouona babu yake. Lalamiko hilo lina mahali pa kupelekwa, kwani Mkutano Mkuu wa chuo una pande tatu: wafanyakazi wake, wanafunzi wake, na vyama na mashirika yanayokichangia. Wanafunzi huchagua wajumbe wao, nao hukaa katika kikao kilekile kinachopitisha bajeti.