Ubao Ulionyooka, Vidole Salama: Namna ya Kutayarisha na Kutumia Mashine ya Kuranda Mbao

Kwa fundi seremala wa Kata ya Susuni, Halmashauri ya Wilaya ya Tarime mkoani Mara, kama ilivyo kwa mwenzake popote nchini, sifa ya kazi hujulikana kwenye maungio. Meza ambayo mbao zake zimeachana baada ya msimu mmoja wa mvua, au mlango unaogoma kuingia kwenye fremu, humwondolea fundi mteja wa leo na wa kesho. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa gundi au kwa mti wenyewe, ilhali chanzo ni ukingo wa ubao ambao haukunyooshwa ipasavyo kabla ya kuunganishwa.

Suala hili linawagusa wananchi wengi zaidi ya wateja wa samani za nyumbani. Tangu utekelezaji wa elimumsingi bila ada ulipoanza mwaka 2016, mahitaji ya samani za shule yameongezeka. Kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19 pekee, Serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, na kila darasa huhitaji madawati au viti na meza, pamoja na milango. Kazi za namna hiyo huweza kufanywa na mafundi wa kata na vijiji, ilimradi ubora wake ukubalike wakati wa ukaguzi.

Kifaa kinachoamua ubora huo ni mashine ya kuranda yenye meza mbili, ambayo hunyoosha uso na ukingo wa ubao. Mashine hiyo inapotayarishwa vizuri hufanya kwa dakika chache kazi ambayo randa ya mkono huifanya kwa nusu siku. Isipotayarishwa, huharibu mbao na huweza kukata vidole vya anayeitumia.

Mashine inavyofanya kazi

Mashine hii ina sehemu nne ambazo fundi hana budi kuzielewa. Ya kwanza ni meza ya kuingizia, ambayo ubao hulazwa kabla ya kukatwa. Ya pili ni silinda ya visu, inayozunguka kwa kasi katikati ya meza mbili. Ya tatu ni meza ya kupokelea, ambayo hubeba sehemu iliyokwisha kurandwa. Ya nne ni egemeo, yaani ukuta wa chuma uliosimama juu ya meza ili ubao uegemee unaporandwa ukingo.

Kanuni ya msingi ni moja. Meza ya kupokelea lazima iwe sawasawa na kimo cha juu kabisa ambacho ncha za visu hufikia, na meza ya kuingizia iwe chini kidogo. Tofauti ya kimo kati ya meza hizo mbili ndiyo unene unaoondolewa kwa mpito mmoja. Kwa miti migumu inatosha milimita 1 au pungufu. Kwa miti laini kama msindano, milimita 1 hadi 2.

Matayarisho kabla ya kuwasha

Hatua ya kwanza ni kukata umeme kabisa. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi. Plagi ichomolewe, au swichi kuu izimwe na kufungwa ili mtu mwingine asiiwashe kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo fundi akague usambamba wa meza kwa rula ndefu ya chuma iliyonyooka. Rula hiyo ikilazwa juu ya meza zote mbili zikiwa kimo kimoja, mwanga usionekane chini yake mahali popote. Meza zilizoinama kuelekeana au kupeana migongo hazitatoa ubao ulionyooka, hata visu vikiwa vipya.

Kinachofuata ni kupima kimo cha visu. Kipimo kinachofaa karakana yoyote ni kipande cha mbao kilichonyooka chenye urefu wa takriban sentimita 30. Kipande hicho hulazwa juu ya meza ya kupokelea, sehemu yake ikitokeza juu ya silinda, kisha huwekwa alama ya penseli mahali ukingo wa meza ulipo. Silinda huzungushwa polepole kwa kushika puli, kinyume na uelekeo wa kukata, ili kisu kikiguse kipande na kukisogeza bila kukichimba. Alama ya pili huwekwa pale kipande kinapoishia.

Kipande kikisogea takriban milimita 3, kimo cha kisu ni sahihi. Kisipoguswa kabisa, kisu kiko chini ya meza. Kikisogea zaidi ya hapo, kisu kimezidi kimo cha meza. Kipimo hiki hurudiwa kwa kila kisu, upande wa kulia na wa kushoto wa silinda, hadi visu vyote vitoe jibu moja. Nati zinazobana visu zikazwe zote na kukaguliwa mara ya pili kabla mashine haijawashwa.

Usawa wa visu una sababu yake. Silinda yenye visu 3 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hukata mara 12,000 kwa dakika. Ubao ukisukumwa kwa mwendo wa mita 6 kwa dakika, kila kisu huacha alama yenye upana wa nusu milimita, ambayo ni vigumu kuiona. Lakini kisu kimoja kikizidi wenzake, ndicho pekee kinachoacha alama ya mwisho, na upana wake hufikia milimita 1.5. Hayo ndiyo mawimbi ambayo mteja huyahisi kwa kiganja anapopapasa meza.

Mwisho wa matayarisho ni kuhakikisha kwa skwea kwamba egemeo limesimama nyuzi 90 juu ya meza, mwanzoni na mwishoni mwa urefu wake.

Kuchagua na kuandaa mbao

Mashine haiwezi kurekebisha ubao mbichi. Mikaratusi, kwa mfano, hupungua na kujisokota sana inapokauka. Ubao wake ukirandwa ungali na maji hutoka umenyooka leo na kupinda kesho. Fundi asiye na kifaa cha kupimia unyevu anaweza kupima kipande kimoja cha mbao kwenye mizani kila baada ya siku kadhaa. Uzito ukiacha kupungua, mbao zimekaribia kulingana na hali ya hewa ya mahali zilipo.

Ni busara pia kukata mbao karibu na urefu unaohitajika kabla ya kuranda. Ubao wa mita 4 uliopinda kama upinde kwa milimita 12 ukikatwa katikati hutoa vipande viwili vya mita 2, ambavyo kila kimoja kimepinda milimita 3 tu. Anayeranda kwanza na kukata baadaye hugeuza sehemu kubwa ya mbao zake kuwa randu.

Ubao ukaguliwe usiwe na misumari, mawe wala mchanga, kwa kuwa msumari mmoja hutosha kuacha pengo kwenye visu vyote. Kisha zisomwe nyuzi zake. Ukitazama ubao kwa ubavu, nyuzi zinatakiwa kuteremka kuelekea mkia, yaani upande unaoingia mwisho kwenye mashine. Nyuzi zikielekea kinyume, visu huzinyofoa badala ya kuzikata, na uso hutoka na mashimo.

Hatua za kuranda

Uso mmoja mpana hutangulia. Upande uliobonyea kama bakuli hulazwa chini, ili ubao usimame juu ya kingo au ncha zake bila kuyumba. Ubao husukumwa kwa mwendo usiobadilika. Kwa ubao wa mita 2, takriban sekunde 20 zinatosha. Mwanzoni mgandamizo huwa kwenye meza ya kuingizia. Sehemu iliyorandwa inapofikia kama sentimita 30 juu ya meza ya kupokelea, mgandamizo huhamia huko, kwa sababu meza hiyo ndiyo inayoongoza unyoofu wa kazi iliyobaki.

Ukingo hufuata. Uso uliokwisha kunyooka hubanwa kwenye egemeo, na ukingo uliobonyea huelekezwa chini. Mpito wa mwisho uwe mwembamba zaidi ya ile ya awali.

Baada ya hatua hizo mbili, ubao una uso mmoja na ukingo mmoja vilivyonyooka na vinavyokutana kwa nyuzi 90. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea kwa kuugeuza ubao na kuranda uso wa pili kwenye mashine ileile. Mashine hii hunyoosha, lakini haina uwezo wa kulinganisha unene. Ubao unaweza kunyooka pande zote mbili huku ukiwa mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni. Uso wa pili hufanyiwa kazi kwenye mashine ya kulinganisha unene, na ukingo wa pili hupasuliwa kwa msumeno wa mezani kwa kufuata ukingo wa kwanza.

Kwa mbao zinazounganishwa kuwa meza, ipo njia ya kufuta kasoro ndogo ya egemeo. Mbao hupangwa na kuwekewa alama juu, kisha ubao wa kwanza hurandwa alama ikiwa imeelekea egemeo, na wa pili alama ikiwa imeelekea nje. Kama egemeo limeinama na kutoa nyuzi 89, ukingo wa pili hutoka na nyuzi 91. Zikijumlishwa ni 180, na meza hukaa bapa. Kingo mbili zikisimamishwa moja juu ya nyingine mbele ya dirisha, mwanga usipenye. Inafaa zigundishwe siku hiyohiyo, kabla mbao hazijabadilika.

Kusoma kasoro

Ubao wenyewe humweleza fundi mashine inaumwa wapi. Ikiwa mwisho wa ubao umechimbwa ghafla kwa sentimita chache, meza ya kupokelea iko chini ya visu. Ikiwa mwanzo wa ubao unagonga meza ya kupokelea, au kina cha ukataji kinapungua kadiri ubao unavyosonga, meza hiyo iko juu ya visu. Mstari mwembamba ulioinuka kwa urefu wote wa ubao ni dalili ya pengo kwenye kisu. Uso uliounguzwa au ubao unaohitaji nguvu nyingi kusukumwa ni dalili ya visu butu.

Usalama si jambo la hiari

Visu butu na mipito mizito ni hatari kwa sababu humlazimisha fundi kutumia nguvu, na mkono wenye nguvu nyingi ndio unaoteleza. Kinga ya visu haiondolewi kwa kisingizio cha kuharakisha kazi. Ubao mfupi chini ya sentimita 30 haurandwi kwenye mashine hii. Ni afadhali kuranda ubao mrefu na kuukata baadaye. Wakati wa kuranda uso mpana, vitumike vibao viwili vya kusukumia, na mkono usipite juu ya silinda.

Fundi asimame ubavuni mwa mashine, si nyuma ya ubao, kwani ubao huweza kurushwa. Glovu hazivaliwi, kwa kuwa huvutwa na visu pamoja na mkono. Mikono ya shati ikunjwe, na kanga au shali ivuliwe. Miwani, vizibo vya masikio na barakoa ni vya lazima. Vumbi la mbao limeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Anayenunua mashine iliyotumika au iliyoundwa mtaani akague umbo la silinda. Silinda ya mraba huacha nafasi kubwa kati ya kisu na kisu ambamo vidole huzama. Uingereza ilitaka silinda za mviringo kwenye mashine zinazolishwa kwa mkono tangu kanuni zake za mwaka 1922.

Hapa nchini, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, humtaka mmiliki wa karakana kuisajili na kuwalinda wanaofanya kazi humo. Aidha, mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara anawajibika kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, ili mfanyakazi anayeumia kazini apate matibabu na fidia.

Fursa zilizopo

Fundi aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni anaweza kupimwa na kupewa cheti kupitia utaratibu wa VETA wa urasimishaji wa ujuzi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo wanawake hutengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Maelezo hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Vilevile, taasisi za umma hutakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu, na zabuni zake hutangazwa katika mfumo wa NeST.

Mkopo hununua mashine na cheti hufungua mlango wa zabuni, lakini dawati hukaguliwa likiwa limekamilika. Kikundi kinachokusudia kuomba mkopo wa mashine ya kuranda kinashauriwa kujumuisha katika andiko lake gharama za kinga, visu vya akiba, vibao vya kusukumia na mafunzo ya mtumiaji, ili kisilazimike kuviruka baada ya mashine kufika.