Spea Zake Zilikuwa Zinauzwa Wapi?

Anayekwenda Takawiri huliacha gari Mbita. Hulikabidhi kwa vijana wanaokaa karibu na gati, akapandisha suruali hadi magotini, akaingia majini kuifuata mashua. Mashua ni ya mbao, imepakwa rangi za kung'aa, na nyuma yake imefungwa injini ya Yamaha. Upande wa kulia Rusinga inakusindikiza na vilima vyake, mbele Mfangano inainuka kama mlima uliosahau kubaki nchi kavu, na katikati ya hivyo viwili kunatokea kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe na minazi ambayo mtu wa Pwani akiiona hushangaa imefikaje huku.

Nilivuka nikiwa na swali ambalo kwa kweli halikuwa la mahali pale. Habari za kampuni ya Mobius zilikuwa bado mbichi: Agosti 2024 ilikuwa imetangaza kwamba inafunga kazi kwa hiari, imeelemewa na madeni na kodi. Mobius ilianzishwa na Mwingereza, Joel Jackson, aliyeziona barabara za mashambani Kenya akasema zinahitaji gari lake: refu kutoka ardhini, gumu, lisilo na mapambo, la bei ambayo mfanyabiashara mdogo anaweza kuifikiria. Baadaye mnunuzi kutoka Mashariki ya Kati alijitokeza kuichukua kampuni hiyo. Lakini siku zile nilizovuka, ilikuwa kama tumerudi tena kwenye matanga yale yale, na nilitaka kuzungumza na mtu anayeunda chombo cha kusafiria kwa mikono yake na bado anapata riziki.

Nilimkuta fundi ufukoni, chini ya mti, ameketi juu ya kipande cha ubao kando ya mashua isiyokamilika. Mkuku ulikuwa umeshalazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za samaki, na mbao za kwanza zimeshapigiliwa misumari. Kijana mmoja alikuwa akisokota pamba ya kuziba nyufa. Juu ya viungo hupigwa ukanda wa bati. Umbo la mashua hizi lina asili ya visiwa vya Ssese upande wa Uganda, na limeenea ziwa zima, Kenya, Uganda na Tanzania, hata fundi wa Takawiri na wa Mwanza wangeweza kubadilishana kazi bila kufundishana.

Nilimsimulia habari za gari la Nyayo. Alizikumbuka, kwa sababu kila mtu wa umri wake anazikumbuka. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa baya kwa sura au la mwendo wa kobe. Wahandisi wa chuo walikaa na mafundi wa karakana za Shirika la Reli na watu wa jeshi, wakatengeneza magari matano. Yaliweza kufikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Februari 1990 yalionyeshwa Kasarani mbele ya Rais na umati, na Kenya nzima ikaona kwamba inawezekana. Likaundwa shirika la kuyatengeneza kwa wingi, Nyayo Motor Corporation. Fedha za kuanzisha kiwanda hazikupatikana. Mwaka 1994 shirika hilo likabadilishwa kuwa Numerical Machining Complex, linalochonga vyuma na vipuri hadi leo.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza nyundo mkononi.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "hiyo gari ya Nyayo, spea zake zilikuwa zinauzwa wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, hazikuuzwa popote. Haikufika huko."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye msumari wake.

Nimelibeba swali hilo miezi mingi, na kila nikisoma rasimu nyingine ya sera ya magari nalitafuta kama limejibiwa. Sidhani kwamba wahandisi wale walishindwa. Walipewa kazi ya kuthibitisha kwamba Mwafrika anaweza kuunda gari, na wakaithibitisha. Hawakupewa kazi ya kulifikisha gari Mbita, wala ya kuhakikisha kwamba likiharibika Mbita siku ya Jumanne, litakuwa barabarani Alhamisi. Hiyo ni kazi ya aina nyingine kabisa, inahitaji maduka, mikopo, mafundi waliofunzwa na karatasi za vipimo, na haina siku ya uzinduzi. Mradi wetu ulikuwa na siku ya uzinduzi. Baada ya siku hiyo haukuwa na kesho.

Fundi wa Takawiri hana kesho isiyo na mteja. Anamjua mwenye mashua, anajua atavua nini nayo, omena au sangara, anajua ataibebesha watu wangapi siku ya soko. Atalipwa kwa awamu kadiri samaki wanavyoingia. Ubao ukioza, mashua inaburutwa ufukoni mita chache kutoka pale ilipoundwa. Mbao zenyewe zimekuwa taabu, kwa maana mvule wa zamani umeadimika na sasa hutumika miti laini inayooza upesi. Wala sitaki kumpamba mtu: mashua hizi huzama, watu hufa, na maboya ya kujiokolea hayatoshi katika vyombo vingi nilivyovipanda. Ninachosema ni kwamba ufundi huu haujawahi kuandikwa katika mpango wowote wa viwanda ninaoufahamu, na bado uko hai.

Kutoka pale tulipokaa, ukitazama mashariki, unaiona Rusinga alikozikwa Tom Mboya. Ni vigumu kuzungumza habari za mipango ya uchumi ukiwa upande huu wa ziwa bila kumtaja. Alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi alipopigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na jina lake halitenganishiki na Waraka Rasmi Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Ndani ya waraka huo mna wazo lililokata njia ya nchi kwa miongo mingi: fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka zaidi, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kisha faida itawafikia wengine baadaye. Mboya mwenyewe alizaliwa Kilimambogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge alikofanya kazi baba yake. Na Thika ndiko kiwanda cha Leyland kilikojengwa katikati ya miaka ya 1970. Mtu huyu mmoja aligusa ncha zote mbili za wazo lile, mahali palipopewa kiwanda na mahali palipoambiwa pangoje.

Viwanda vya kuunga magari vilikuwa vitatu: Leyland hapo Thika, General Motors Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa. Serikali ilikuwa mwanahisa katika vyote. Magari yaliletwa vipande vipande ndani ya makasha, yakaungwa hapa. Jambo hilo halikuwa geni ziwani. Meli ya William Mackinnon ililetwa kutoka Uskoti ikiwa imefumuliwa, ikasafirishwa kutoka Mombasa kwa taabu isiyoelezeka, ikaungwa na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Tuna zaidi ya karne moja ya kuunga vitu vilivyobuniwa kwingine. Tofauti ya miaka ya 1970 ni kwamba kulikuwa na nia ya kusonga mbele: leo tunaunga, kesho tunatengeneza tairi, betri, vioo, springi na viti, keshokutwa mengine. Na kwa kiasi fulani ilitokea. Kiwanda cha tairi cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa jina la Firestone, kiliyavalisha magari ya Wakenya kwa zaidi ya miaka 40, na tairi za Yana zilijulikana mpaka kwenye trela za miwa.

Kisha mlango ukafunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa masharti ya wakopeshaji na kwa uchovu wa ukiritimba wa ndani, leseni za kuagiza bidhaa ziliondolewa na udhibiti wa fedha za kigeni ukalegezwa. Magari ya mitumba kutoka Japani yakamiminika Mombasa. Leo, kati ya magari 10 yanayosajiliwa Kenya kwa mara ya kwanza, manane hivi yameshatumika kwingine. General Motors iliuza hisa zake kwa Isuzu mwaka 2017. Kiwanda cha tairi kilizima mitambo yake mwaka 2016, na tairi zenye jina lile zikaanza kutoka China na India. Hili la tairi huniuma kuliko yote. Gari zima ni jambo kubwa, lakini tairi tulikuwa tumeshaliweza.

Tangu hapo mjadala umekuwa wa kambi mbili, na kila kambi inasema nusu ya ukweli. Waunganishaji wa magari husema mitumba inaua ajira, na kwamba umri wa gari linaloingia, ambao sasa haupaswi kuzidi miaka minane, ushushwe. Rasimu ya Sera ya Taifa ya Magari ya mwaka 2019 ilielekea huko. Waagizaji wakapiga kelele, na wanunuzi pamoja nao: mwalimu wa Homa Bay anayelipwa mshahara wa mwalimu atanunua nini? Ndiyo maana barabara ya kutoka Homa Bay hadi Mbita ni ya Probox. Gari hilo la Toyota lilibuniwa kubeba mizigo ya maduka, na huku limekuwa matatu, gari la wagonjwa, lori la samaki na la maiti. Limeshinda kwa sababu ya bei, na pia kwa sababu kila fundi kutoka Rongo hadi Sori anaujua mwili wake kama kiganja cha mkono wake, na spea zake, mpya na kuukuu, ziko kila mji.

Hapo ndipo naona kambi zote mbili zinapomwacha mtu wa Takawiri. Ukishusha umri wa mitumba bila kumpa kitu kingine, umempandishia nauli tu, na nauli ikipanda Mbita, bei ya omena inayotoka kisiwani inashuka, maana mchuuzi humkata mvuvi kile alichoongezwa na dereva. Ukiacha mlango wazi kabisa, vijana wa Mbita watabaki kufungua bolti za kitu ambacho hawatawahi kukichora. Kuchagua kati ya mawili haya kumetupotezea miaka 30. Mimi ningeanza na kilichoko kati yao: vipuri. Vifurushi vya kuunganisha magari vinaingia bila ushuru wa forodha, sawa, lakini masharti ya kutengeneza sehemu hapa nchini yawe na meno, na yaanze na vile vinavyoisha haraka barabarani kwetu: breki, springi, bushi, tairi. Vitu hivyo vina soko hata gari likiwa la Kijapani. Tayari tunatengeneza mabodi ya matatu juu ya chesi za Isuzu, na hakuna aliyetufundisha kwa semina.

Jirani zetu wameonja ladha hiyo hiyo. Nyumbu ya Kibaha, Tanzania, kituo cha jeshi kilichounda malori katika miaka ya 1980, iliishia kuwa fahari isiyoingia sokoni. Uganda ilianza na Kiira EV ya Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011, gari la watu wawili la umeme, lakini baadaye ikageukia mabasi na kujenga kiwanda Jinja. Naiombea heri kwa moyo wote, hasa kwa sababu basi linanunuliwa na shirika, na shirika linaweza kulazimishwa kuwa na karakana.

Na hapo hapo Mbita kuna mradi ambao wapangaji wa magari wangefaa kuutazama. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, OSRAM, ilifungua kituo cha kuchaji taa kwa nguvu ya jua, ili wavuvi wa omena waache mafuta ya taa. Wazo halikuwa kumuuzia mvuvi taa na kumwacha nayo. Alikodi, akarudisha, ikachajiwa, na ikiharibika ilikuwa shida ya kituo. Mradi ule ulipitia mikono na majina, ukawa kampuni inayoitwa WeTu, ukaongeza maji safi, kisha vyombo vya usafiri vya umeme. Sasa hata injini za umeme za mashua zimeanza kukodishwa katika fuo za Homa Bay. Sijui zitaishi miaka mingapi. Lakini waliozileta walianza na karakana.

Nilipoondoka, fundi alinionyesha mwisho wa nyuma wa ile mashua, pale ambapo mbao zilikuwa zimeongezwa unene. Aliniambia mwenye mashua hajaamua bado kama atafunga Yamaha ya petroli au atakodi ile ya umeme, kwa hiyo ameiachia nafasi ya kutosha zote mbili. Injini yetu ilizima tulipokuwa katikati, kati ya Takawiri na Rusinga. Nahodha hakutamka neno. Alifungua kopo la maziwa lililojaa plagi kuukuu, akachagua moja, akaipangusa kwa shati, akaibana kwa spana, na akavuta kamba mara mbili. Ufukoni Mbita alimkabidhi kijana ile plagi iliyokufa, amtume mtu wa matatu ya jioni ya kwenda Kisumu arudi na mpya ya namba ile ile.