Ustadi wa mwovu ulingoni, na jitu la Uganda lililozaliwa Mississippi

Hapa Kakamega, katika viwanja vya Khayega, Malinya na Shinyalu, fahali hupiganishwa huku ngoma za isukuti zikirindima. Wenye fahali huwalisha vyema, huwapa majina ya watu mashuhuri na kuwasindikiza uwanjani kwa nyimbo. Fahali ageukaye na kutimua mbio ndiye aliyeshindwa, na shughuli huishia hapo. Katika mchezo huo wa Waisukha na Waidakho yupo fahali hodari na yupo dhaifu, lakini hapana fahali mwovu. Hakuna mtazamaji anayemzomea fahali kwa sababu ya ubaya wa moyo wake.

Mieleka ya kulipwa, ile inayoonyeshwa katika televisheni na kuwafanya wanafunzi wetu wabishane bwenini hadi kengele ya kulala, ni kinyume cha hayo. Huko mshindi huamuliwa kabla ya pambano. Mnamo mwaka 1989 wakuu wa chama cha WWF walikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey, Marekani, kwamba shughuli yao ni burudani wala si mashindano. Mtaalamu wa ishara, Roland Barthes wa Ufaransa, alikwisha kulieleza jambo hilo katika miaka ya 1950: kwamba mieleka ni tamthilia, na kwamba watu huiendea ili kuona mateso, ubaya na haki vikichezwa waziwazi mbele ya macho yao. Maadamu mambo yako hivyo, mwovu si mhusika wa ziada. Bila yeye hapana haki ya kutendeka, na bila haki hapana atakayelipa kiingilio.

Swali la vijana wetu basi ni swali halali: katika waovu wa ulingo, ni nani aliyekuwa fundi kuliko wenzake? Tatizo liko katika kipimo. Wengi huhesabu mikanda ya ubingwa. Lakini ikiwa ushindi umepangwa, mkanda ni tuzo anayoitoa mpangaji, na hautuelezi lolote kuhusu mikono na miguu ya aliyeuvaa. Napendekeza vipimo vitatu. Kwanza, mwovu humpa nini mpinzani wake? Pili, je, humrudisha mpinzani huyo nyumbani akiwa mzima? Tatu, ana lugha gani, ya kinywa au ya mwili, ya kuwaeleza watazamaji kwamba yeye ni mbaya?

Kwa kipimo cha kwanza, wengi wa wajuao humtanguliza Ric Flair. Mtu huyu alinusurika katika ajali ya ndege huko Carolina Kaskazini mnamo Oktoba 1975, mgongo wake ukavunjika mahali patatu, na hata hivyo akarejea ulingoni. Mwaka 1989 alikutana na Ricky Steamboat mara tatu katika mapambano ambayo yangali yanatajwa kuwa kilele cha sanaa hiyo. Tarehe 20 Februari mjini Chicago alipoteza ubingwa. Tarehe 2 Aprili mjini New Orleans walipambana kwa karibu saa nzima. Tarehe 7 Mei mjini Nashville aliurejesha ubingwa wake. Mtazame Flair na utagundua jambo la ajabu: muda mwingi yeye ndiye anayepigwa. Hupiga magoti akiomba radhi, hurudi nyuma kwa woga, hupanda pembe ya ulingo na kurushwa chini, hutembea hatua mbili tatu kisha akaanguka kifudifudi kama mgomba uliokatwa. Kila anguko lake humwongezea kimo mwenzake. Mtazamaji huondoka akisema Steamboat ni simba, wala hatambui kwamba Flair ndiye aliyemvika manyoya.

Randy Savage alikuwa fundi wa namna nyingine. Tarehe 29 Machi 1987, mjini Pontiac, Michigan, mbele ya umati ambao waandalizi waliutangaza kuwa watu 93,173, alipambana na huyo huyo Steamboat kwa muda wa robo saa hivi. Savage alikuwa amelipanga pambano hilo hatua kwa hatua kabla ya siku yenyewe, kama mwandishi wa tamthilia anavyopanga maonyesho. Flair aliweza kutunga papo hapo, akiwasikiliza watazamaji na kubadilisha mwendo, ilhali Savage aliandika kwanza ndipo akacheza. Wanafunzi wa fasihi wataitambua tofauti hiyo mara moja: mmoja ni malenga wa majibizano, mwingine ni mshairi wa kalamu. Wote wawili ni washairi.

Ted DiBiase, aliyejiita mtu wa dola milioni, alipata alama zake katika kipimo cha tatu. Aliwashawishi watazamaji kwamba kila binadamu ana bei yake. Katika onyesho moja alimwahidi mtoto dola 500 endapo angeudundisha mpira mara 15; mtoto alipokaribia kumaliza, DiBiase aliupiga mpira teke ukaenda zake. Hapakuwa na ngumi wala kumkaba mtu shingo, lakini ukumbi mzima ulimchukia. Sisi tuliokulia katika nchi ambamo noti hugawanywa hadharani msimu wa uchaguzi hatuhitaji kufasiriwa uovu wa namna hiyo.

Kipimo cha pili, cha usalama, ndicho kinachosahauliwa na vijana, na ndicho kinachopaswa kuwashughulisha walimu. Mwanamieleka amnyanyuapo mwenzake kichwa chini miguu juu, amekabidhiwa uti wa mgongo wa mtu. Tarehe 3 Agosti 1997, Owen Hart, mwovu stadi na mtu aliyepevuka katika kazi hiyo, alimshusha Steve Austin kwa kichwa. Kichwa kiligonga sakafu ya ulingo, na kwa muda Austin hakuweza kuvisogeza viungo vyake. Shingo hiyo ilimsumbua hadi mwisho wa kazi yake. Ikiwa bingwa aliyelelewa katika familia ya wanamieleka aliweza kuteleza hivyo, mwanafunzi wa sekondari anayemwiga juu ya kitanda cha bweni anacheza na kifo. Tusiwaambie wanafunzi kwamba mieleka ni uongo mtupu. Tuwaambie ukweli, kwamba mshindi hupangwa lakini sakafu haipangwi.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwa jina alikuwa jirani yetu. Miongoni mwa waovu waliotamba katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwamo Kamala, aliyetangazwa kuwa Jitu la Uganda. Alipigana na Hulk Hogan mnamo 1986 na 1987. Tarehe 29 Agosti 1992 alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, na mnamo Novemba mwaka huo huo akafungiwa katika jeneza na Undertaker huyo. Aliingia ulingoni miguu mitupu, uso na kifua vimepakwa rangi, mkononi ana mkuki. Aliyemwongoza, Kim Chee, alivaa barakoa na kofia ngumu ya mkoloni wa safarini. Watazamaji waliambiwa kwamba jitu hilo liliwahi kumlinda Idi Amin.

Mtu mwenyewe aliitwa James Harris. Alizaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Mississippi, akafanya vibarua vya mashambani ujanani, na kabla ya kuwa Kamala alipigana nchini Uingereza kama mbabe wa Mississippi. Mhusika Kamala alibuniwa mjini Memphis mwaka 1982, miaka mitatu tu baada ya Amin kupinduliwa, wakati jina la Uganda lilipokuwa bado linawatisha watu wa mbali. Mzizi -mala una maana ya kumaliza katika Luganda na katika lahaja kadhaa za Kiluhya, lakini huo ni mfanano wa sauti tu, na hakuna aliyekuwa akifikiria sarufi ya Kibantu kule Memphis. Hata jina la kiongozi wake, Kim Chee, linafanana na la kitoweo cha Korea. Ilitosha majina yasikike kuwa ya kigeni.

Tumpime Harris kwa vipimo vyetu. Alitangazwa kuwa na uzani wa pauni 380, yaani zaidi ya kilo 170, lakini alisogea kwa wepesi. Aliwapa wapinzani wake kile ambacho shujaa hukihitaji zaidi, yaani mlima wa kupanda. Alijua pia kuogopa: mbele ya jeneza la Undertaker macho yake yalijaa hofu kiasi kwamba mtazamaji alilihofia jeneza pamoja naye. Kilicho kigumu zaidi ni hiki. Mhusika wake alitakiwa aonekane hajui mieleka. Akishamwangusha mpinzani, alimlalia huku mpinzani huyo amelala kifudifudi, ilhali sheria inadai mabega yaguse sakafu. Kim Chee alirukaruka kando ya ulingo akimwonyesha kwa mikono amgeuze, naye haelewi. Watu walicheka wakidhani wanaona ujinga. Kwa hakika walikuwa wakiuona ujuzi, kwa kuwa kukosea kwa wakati ufaao, mbele ya maelfu, bila kumuumiza mtu, ni kazi ya anayeijua kanuni vilivyo. Mwigizaji anayesema Kiswahili kibovu jukwaani lazima kwanza awe anakijua kilicho sanifu. Kwa kipimo cha kwanza, namweka Harris katika safu ya mbele.

Anaposhuka ni katika kipimo cha tatu, wala si kwa kosa lake. Flair alipewa kipaza sauti. Savage alipewa, DiBiase alipewa. Kila mmoja aliweza kutetea uovu wake kwa maneno, na mwovu mwenye maneno huwa mtu: ana sababu, ana kiburi, ana mzaha, na kesho anaweza kutubu na kuwa shujaa. Kamala hakupewa hata sentensi moja yenye maana. Kazi yake ilikuwa kuguna, kupiga kelele na kulipiga tumbo lake kofi. Waovu wengine walikuwa wabaya kwa waliyoyatenda. Yeye alikuwa mbaya kwa mahali alikodaiwa kutoka. Sisi tuliokuwa watoto mwaka 1992, wakazi wa upande huu wa mpaka, tulimshangilia Undertaker. Hatukujiuliza ni Uganda gani ile.

Na tulipaswa kujiuliza kuliko watu wengine, kwa maana kutoka hapa hadi Busia kupitia Mumias ni safari fupi ya matatu. Enzi za Amin, Waganda waliokimbilia Kenya walikuwa na walimu wengi miongoni mwao, na shule za sekondari nchini mwetu ziliwapokea. Wazee wanaowakumbuka humkumbuka Mganda mwenye chaki mkononi, aliyefundisha hisabati au Kiingereza kwa adabu na ukali wa kadiri. Mganda tuliyemjua alikuwa na ndimi mbili tatu. Mganda wa ulingoni hakuwa na hata mmoja.

Isidhaniwe kwamba hii ni dhambi ya Wamarekani pekee. Kiswahili chenyewe kina methali isemayo, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tunaitumia kila siku kwa nia njema, kusema kwamba hata tusiyempenda ana manufaa. Lakini hatumuulizi Baniani ubaya wake ni upi. Katika michezo ya kuchekesha nchini Kenya, Mluhya kwa miaka mingi amekuwa mlinzi wa lango au mpishi mlafi, anayetamka b kama p na d kama t ili ukumbi upasuke kwa kicheko. Mwanafunzi wa Kakamega anayecheka onyesho hilo anacheka matamshi ya nyanya yake. Na bado tamasha za maigizo zinapokaribia, shule zetu nazo huwaandika wahusika waovu kwa mtindo uo huo: mgeni, mwenye lafudhi nzito, asiyepewa mazungumzo ya maana.

Ndiyo sababu nadhani mjadala wa bwenini usizimwe, bali uhamishwe darasani. Mwalimu wa fasihi anaweza kuwaambia wanafunzi wawachukue waovu wawili, mmoja wa ulingoni na mmoja wa tamthilia wanayoisoma, kisha wahesabu: nani anapewa maneno, mangapi, na kwa lugha gani? Ubaya wake unatokana na tendo au na asili? Mpinzani wake angebaki shujaa endapo yeye angeondolewa? Mwanafunzi akiyajibu maswali hayo kwa ushahidi, atakuwa amejifunza uhakiki wa wahusika kuliko atakavyoupata katika kukariri sifa kumi za mhusika mkuu.

James Harris aliacha mapambano makubwa na kurudi kuendesha lori. Ugonjwa wa kisukari ulimnyang'anya miguu yote miwili, mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Alifariki dunia Agosti 2020 kwa korona, akiwa na umri wa miaka 70. Wanaomtaja leo humwita Kamala, na wengine wangali wanaongeza neno Uganda. Kwa ufundi wake anastahili kutajwa pamoja na Flair na Savage, na kwa jina lake mwenyewe.