Alama ya Kujumlisha Inapopotea Njiani

Mteja anajaza fomu ya tovuti na kuandika namba ya simu inayoanza na +255. Programu inaibandika namba hiyo kwenye kiungo na kuipeleka kwa seva. Ikifika, alama ya kujumlisha haipo. Mahali pake pana nafasi tupu. Hakuna onyo lolote, na kosa linagundulika siku mteja anapotafutwa asipatikane.

Chanzo ni kwamba ndani ya kiungo alama zina kazi. Kiulizi hufungua orodha ya vigezo, = hutenga jina na thamani yake, & hutenga kigezo na kigezo. Kinachofuata alama ya reli, #, hubaki kwenye kivinjari wala hakifiki kwa seva. Nayo +, kwa desturi ya fomu za wavuti, husomwa kama nafasi.

Alama ya namna hiyo ikitakiwa kusafiri kama sehemu ya taarifa, lazima isimbwe. Kanuni ya RFC 3986, iliyotolewa mwaka 2005 na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter, inaelekeza iandikwe kwa alama ya asilimia na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita. Hivyo + huwa %2B, & huwa %26, na nafasi huwa %20.

JavaScript ina fanksheni mbili za kazi hii, na wengi huzichanganya. encodeURI imekusudiwa kiungo kizima, kwa hiyo haizigusi &, =, + wala #. Ukiipa jina la duka "Juma & Wanawe", & inabaki ilivyo, na seva inaona duka liitwalo Juma tu. encodeURIComponent imekusudiwa thamani moja moja. Yenyewe itatoa Juma%20%26%20Wanawe, na jina litafika kamili.

Anayeandika Kiswahili ana jambo moja zaidi la kuangalia. encodeURIComponent haisimbi ritifaa. Kiungo chenye neno ng'ombe kikiwekwa ndani ya sifa ya HTML iliyofungwa kwa alama moja ya nukuu, kitakatikia kwenye "ng". Ibadilishe ritifaa kuwa %27, au tumia URLSearchParams, ambayo huisimba yenyewe.

Simba kila thamani peke yake, kabla ya kuiunganisha na kiungo, na mara moja tu. Ukirudia, ile % ya %20 nayo itasimbwa, upate %2520, na msomaji ataona takataka katikati ya maneno yake.

Kabla ya kufungua tovuti yako kwa watu, jaza fomu kwa maneno haya: ng'ombe & mbuzi +255 #1. Yasipofika kwa seva kama ulivyoyaandika, kazi bado haijaisha.