Masumbwi ya Televisheni: Anayeanza na Aanze kwa Kujikinga

Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wazima wenye nyumba na watoto, na huenda wakashangaa kuona nafasi iliyozoeleka kwa mapishi na malezi ikitolewa leo kwa mchezo wa vijana. Naomba wanivumilie. Katika mitaa ya Bujumbura, hasa Buyenzi na Bwiza, ni vigumu kutembea jioni bila ya kupita mlango wenye pazia ambao nyuma yake vijana wamebanana juu ya mabenchi mbele ya televisheni, kila mmoja akingoja zamu yake. Wengi hucheza kandanda. Lakini mara nyingi iko televisheni moja pembeni ambamo watu wawili wa kuchora wanapigana ngumi na mateke. Huo ndio mchezo ninaotaka kuueleza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, tena kwa sababu ambayo sikuitarajia.

Sababu yenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mwaka 2015 wazazi wake walikimbilia Tanzania wakiwa naye, mtoto wa miaka minne, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Waliporejea mwaka 2022 walikwenda kulima kusini mwa nchi, naye akaletwa kwangu mjini ili asome. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma, safi kabisa. Kirundi alikisema cha nyumbani. Na Kifaransa kidogo alichofundishwa kambini alikitamka kwa hofu, maana darasani kila alipofungua kinywa wenzake walicheka. Nyumbani alikuwa na adabu isiyo na dosari. "Shikamoo, mjomba," asubuhi. "Ahsante, mjomba," baada ya chakula. Na baina ya maneno hayo mawili, kimya. Mke wangu alisema kwamba mtoto huyu ni kama mgeni aliyekataa kufungua mzigo wake.

Ikatokea akaanza kuchelewa kurudi. Jioni moja jirani alinidokezea mahali alipo, nami nikatoka kwa hasira, mtu mwenye cheti cha ualimu aliyeshindwa kumlea mtoto mmoja. Niliposogeza pazia nilimkuta amekaa katikati ya vijana sita au saba, anacheka, anawaeleza jambo kwa mikono yote miwili, nao wanamsikiliza. Sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu. Nilisimama pale mlangoni, hasira ikanitoka, nisijue la kufanya. Mwenye chumba, mzee mcheshi, akanisogezea nafasi juu ya benchi na kunipa kile kidude cha mkononi ambacho vijana huita maneti. Nilishindwa mara saba mfululizo, na kila pambano halikumaliza hata nusu dakika. Baada ya la saba mpwa wangu alinitazama kwa huruma, akasema: "Mjomba, wewe unabonyeza tu. Huchezi."

Alisema kweli. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza.

Mchezo huu huitwa wa pande mbili kwa kuwa wapiganaji wako katika mstari mmoja, kama picha iliyochorwa ukutani. Wanaweza kwenda mbele, kurudi nyuma, kuruka na kuchuchumaa, lakini hawawezi kuzungukana kama ilivyo katika michezo ya pande tatu mfano wa Tekken. Uliofanya jamii hii ya michezo ijulikane duniani ni Street Fighter II, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991 kwa mashine za sarafu, na mwaka uliofuata ukaingia majumbani. Mchezaji alichagua mmoja kati ya wapiganaji wanane: Ryu wa Japani, Chun-Li wa China ambaye ni mwanamke, Zangief mwanamieleka wa Urusi, Dhalsim wa India mwenye mikono inayorefuka, na wengineo. Juu ya kioo kuna mistari miwili inayoonyesha nguvu iliyobaki kwa kila mmoja, na katikati saa inayohesabu kutoka 99 kwenda sifuri. Vitufe vya kupigia ni sita: ngumi nyepesi, ya kadiri na nzito, na mateke matatu kwa mpango huo huo.

Mimi, kama watu wazima wote, nilipenda kitufe cha pigo zito. Kwa nini nimpige mtu kidogo ilhali naweza kumpiga sana? Ila pigo zito huchelewa kutoka na huchelewa kurudi, na anayelikosa husimama wazi kama mtu aliyetupa jembe kwa nguvu zote asikute udongo. Mwenzake humwadhibu hapo hapo.

Mpwa wangu alikubali kunifundisha kwa sharti moja. Kwa juma zima alinikataza kupiga. Nilimchagua Ryu, ambaye hana ajabu nyingi na kwa hiyo anamfaa mwanafunzi, nikaambiwa nijikinge tu. Katika mchezo huu hakuna kitufe cha kujikinga. Mtu hujikinga kwa kuelekeza maneti nyuma, mbali na adui. Akipigwa teke la kufagia miguu lazima achuchumae huku akielekeza nyuma. Adui akishuka kutoka juu lazima asimame. Basi kazi yote ya juma lile ilikuwa kuuliza swali moja: linakuja chini au linakuja juu? Niliona aibu, nisifiche, hasa siku ambayo mwenzangu wa ofisini alipita nje, pazia likiwa limefunguliwa na upepo, akaniona nimechuchumaza mtu wa kuchora kwa uso wa kazi nzito. Lakini juma lilipokwisha pambano langu lilikuwa linafika nusu ya saa ile, na kwa mara ya kwanza nilikuwa naona kinachotendeka.

Baada ya kujikinga nilifundishwa mambo mawili tu. La kwanza ni kumpiga anayeruka. Wanaoanza wote hupenda kuruka, kwa kuwa kuruka kunafurahisha. Na aliye hewani hawezi kubadili njia wala, katika mchezo huu, kujikinga. Ryu akichuchumaa na kubonyezewa ngumi nzito huipeleka juu, kidevuni mwa anayeshuka. La pili ni kumkamata adui na kumbwaga. Mtu anayejikinga wakati wote hakingiki na mikono inayomshika akiwa karibu. Hapo ndipo mchezo mzima umejengwa: pigo humshinda anayetaka kukamata, kukamata humshinda anayejikinga, na kujikinga humshinda anayepiga. Hakuna tendo lisilo na dawa yake. Atakayeelewa duara hilo ameshaelewa zaidi ya nusu ya mchezo, hata kama vidole vyake bado ni vizito.

Mapigo ya ajabu yalikuja baadaye. Mpira wa moto wa Ryu, ambao ndio kila mtoto huutamani, hutolewa kwa kuzungusha robo ya duara, kutoka chini kwenda mbele, na kumalizia kwa ngumi. Ilinichukua siku tatu kuutoa upande wa kulia na siku nne zaidi upande wa kushoto. Mfululizo wa mapigo, ambao vijana hushindana kuukariri, sikuugusa kabisa kwa mwezi wa kwanza, na nawashauri wanaoanza wafanye hivyo hivyo. Anayekariri mfululizo kabla ya kujua kujikinga ni sawa na mwanafunzi anayekariri hotuba katika lugha asiyoielewa. Akikatizwa neno la pili, amekwisha.

Lakini kilichonifungua macho hasa kilikuwa bao. Jumamosi moja umeme ulikatika, vijana wakatawanyika, sisi wawili tukabaki nje tukingoja. Mzee mwenye chumba alikuwa na ubao wa bao, akatuwekea. Mpwa wangu alinishinda huko pia, tena upesi. Nikamwuliza amejifunzia wapi. "Kambini," akasema, asiongeze. Nikamwambia kwamba katika bao kete zote 64 ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili, hakuna kificho kama katika karata. Anayeshindwa ameshindwa kwa kuwa hakuona. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba mchezo wa ngumi ni huo huo, isipokuwa hakuna zamu.

Nimelitafakari sana jibu lile. Picha katika mchezo huu hubadilika mara 60 kwa sekunde moja. Mtu huchukua kama robo ya sekunde kuona jambo na kulijibu kwa kidole, yaani picha kumi na tano hivi. Kuruka huchukua muda mrefu kuliko huo, ndiyo maana anayeruka hupigwa. Ngumi nyepesi hufika kabla ya jicho kumwambia mkono. Kwa hiyo mchezaji mzuri hasubiri kuona kila kitu. Ameshamsoma mwenzake na kuijua tabia yake. Mpwa wangu alikuwa amenisoma siku nyingi. "Mjomba," aliniambia, "ukiogopa, unaruka." Nilirudi nyumbani nikilifikiria neno lile kwa mambo mengine mengi ya maisha yangu, ambayo si ya kuandikwa gazetini.

Yeye ndiye aliyenionyesha katika simu pambano linalosifiwa kuliko yote. Lilifanyika California, Marekani, mwaka 2004, katika mashindano yaitwayo Evo, kwenye mchezo wa Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara wa Japani, akimchezesha Ken, alikuwa amebakiwa na nguvu kidogo sana hata kujikinga kwa kawaida dhidi ya pigo kubwa kungetosha kumwangusha. Mpinzani wake, Mmarekani Justin Wong, akafyatua mfululizo wa mateke 15 ya Chun-Li. Katika mchezo ule ipo kinga ya hatari: badala ya kurudi nyuma, mtu husukuma mbele katika nukta ile ile ya kupigwa, na asipopatia ameumia. Umehara aliyapangua yote kumi na matano, akajibu na kushinda pambano lile. Watazamaji walipiga kelele kabla mateke hayajaisha. Angalieni, wasomaji wangu, kwamba kilichowainua vitini kilikuwa kujikinga.

Karibu nasi yupo Sylvia Gathoni wa Kenya, maarufu kwa jina la Queen Arrow, mchezaji wa Tekken ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya ng'ambo. Namtaja kwa ajili ya akina mama wanaodhani kwamba vyumba vile ni vya wavulana peke yao. Hata hivyo mzazi asimwambie mtoto kwamba mchezo utamlisha. Wanaolishwa nao ni wachache mno, na daftari la hesabu halingoji.

Liko jambo zito zaidi. Sisi watu wa mji huu tumeona mapigano ya kweli, na mzazi anayesitasita kumwona mwanawe akifurahia ngumi ana haki yake. Nilisitasita mimi pia. Michezo hii hailingani. Upo kama Mortal Kombat, uliotoka mwaka 1992, wenye damu na ukatili wa wazi. Ulizusha malalamiko makubwa Marekani hata ukajadiliwa katika Baraza la Seneti mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikaanzishwa alama ya umri juu ya kasha la kila mchezo. Mzazi aitafute alama hiyo, au aingie tu na kutazama kwa macho yake. Nyumbani kwangu wa damu hauruhusiwi, kucheza kwa kuwekeana fedha hakuruhusiwi, na saa ya mchezo ni moja, baada ya masomo. Kumfungia mtoto kabisa sikushauri. Ningelifanya hivyo jioni ile, ningelifunga mlango pekee ambao sauti yake ilikuwa inatokea.

Tumeshacheza mwaka mzima sasa, kila Jumamosi, kwa gharama ya maandazi machache. Kifaransa chake kimesogea polepole. Tulianza kukisoma pamoja kutoka katika maneno ya kwenye kasha, naye hunisahihisha mimi mchezo, nami humsahihisha yeye vitenzi, hivyo hakuna anayecheka mwenzake. Hajaniachia hata pambano moja kwa huruma, jambo ninalomshukuru.

Jumamosi iliyopita nilimshinda mzunguko mmoja wa haki. Aliruka, nami nilikuwa nimeshachuchumaa nikimngoja. Akaweka maneti mapajani, akatabasamu, kisha bila ya kuulizwa akaanza kunisimulia habari za mashimo ya bao ambayo baba yake aliyachimba ardhini kule Nyarugusu, na jinsi mvua ilivyokuwa ikiyajaza kila msimu, wakayachimba tena, na kete zao zilikuwa mbegu za mti gani, na jirani yao Mkongo aliyekuwa hashindwi na mtu. Alisema kwa muda mrefu. Mzunguko wa pili ulikuwa umeshaanza, na wapiganaji wetu wawili walikuwa wamesimama wakitazamana, hakuna aliyewagusa, mpaka saa iliyo juu ya kioo ikafika sifuri.