MZAMIAJI ASIACHWE PEKE YAKE

Wahenga wa pwani walisema kuwa mwana maji wa Kwale, kufa maji mazoea. Methali hiyo ina hekima yake, kwani yatukumbusha kuwa mtu aweza kuangamizwa na jambo alilolizoea mno. Lakini tunasikitika kuona kuwa baadhi yetu tumeigeuza kuwa rambirambi. Kijana hurejeshwa pwani miguu imepooza. Watu hutikisa vichwa, wakasema ndiyo kazi ya bahari, na kesho yake wenziwe hushuka tena kama jana. Sisi hatukubali kuwa hayo ni majaaliwa tu.

Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba vimejaaliwa miamba ya matumbawe yenye sifa duniani. Wageni huja Mnemba, na huja Misali, magharibi ya Pemba, ambako mwamba huteremka ghafla kuelekea mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Huja kuzamia kwa mitungi ya hewa ili wajionee samaki na matumbawe. Mgeni huyo hutakiwa kwanza aonyeshe cheti cha mafunzo, au afundishwe. Mkononi huwa na kipimo cha kina na cha muda, na ubavuni huwa na mwenzake.

Katika bahari hiyo hiyo hushuka kijana wetu atafutaye majongoo ya pwani, ambayo sisi hatuyali, bali hukaushwa na kupelekwa Hong Kong na China. Naye hubeba mtungi, lakini mara nyingi hana kipimo wala cheti, na mwalimu wake ni rafiki aliyemtangulia mwaka mmoja. Mtungi ni wa namna moja na hewa ni moja. Kilichowatenga ni elimu.

Elimu yenyewe si siri ya mtu. Uzito wa maji juu ya mwili huongezeka kwa kila mita 10 za kina. Afikaye mita 30 hukandamizwa mara nne kuliko aliyeko juu, na hewa aivutayo hushindiliwa vivyo hivyo. Hapo ndipo ustadi wa wazee wetu unapogeuka kuwa mtego. Babu aliyezamia kwa pumzi yake alifundishwa kuibana mpaka aibuke, na ilimfaa, kwa sababu aliichukua pumzi hiyo juu ya maji. Avutaye hewa ya mtungi akiwa mita 10 chini, kisha akaibana huku akipanda, hewa hiyo hutanuka mara mbili kabla hajafika juu, na mapafu yaweza kupasuka. Mwenye mtungi hapaswi kubana pumzi kamwe.

Hatari ya pili huja polepole. Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, nayo huingia katika damu na nyama za mwili kadiri mtu anavyokaa chini. Akipanda taratibu, hutoka kwa salama kupitia mapafuni. Akipanda kwa kasi, hutoka kwa mapovu mwilini, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kushindwa kukojoa, na hata kupooza. Siyo shetani wa bahari, wala si husuda ya jirani. Hapa haraka haraka haina baraka kwa maana yake halisi: mzamiaji apande kiasi cha mita 9 kwa dakika, asimame dakika 3 akifika mita 5, na apumzike vya kutosha kabla ya kushuka tena.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alikwisha kutoa majedwali ya kupandia kwa salama, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Ni aibu kwetu sote ikiwa elimu iliyopatikana kwa mbuzi haijamfikia mtoto wa Pemba.

Wengine watauliza, kwa nini kijana ashuke kina kirefu hivyo? Jawabu ni kwamba majongoo ya maji mafupi yamekwisha kuokotwa, makubwa kwa madogo. Kila mwaka tunaoyavuna bila kuyapa nafasi ya kuzaliana, tunamsukuma mzamiaji chini zaidi. Kwa hiyo hifadhi ya mwamba, ambayo baadhi ya wavuvi huiona kuwa ni amri ya kuwafurahisha wageni, ni hifadhi ya miguu ya watoto wao.

Basi wajibu ni wa nani? Tajiri mwenye chombo na mitungi asimpe mtungi mtu asiyefundishwa, na ahakikishe kuwa mashine ya kujazia haivuti moshi wake yenyewe, kwani moshi huo ni sumu. Maafisa wa uvuvi, pamoja na masheha na kamati za wavuvi, wawaorodheshe wazamiaji na kuwapatia mafunzo kwa Kiswahili, karibu na madiko yao. Vituo vya afya viwe na oksijeni, na wahudumu wajue kuwa aliyeumia apewe oksijeni safi bila kuchelewa, wala asirejeshwe majini ili ati apone. Chumba cha mgandamizo cha kuwatibia kiliwekwa Matemwe, Unguja. Ni lazima mgonjwa wa Pemba awe na njia iliyopangwa mapema ya kuvushwa. Na kama ni kwa ndege, rubani aarifiwe aruke chini, kwani kupaa juu huzidisha mapovu.

Tunawaambia viongozi kuwa mzamiaji ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote, ana haki ya kurudi nyumbani akiwa mzima. Nanyi vijana, roho ni amana, wala hakuna jongoo lenye thamani ya miguu yenu. Bahari haitubadilikii sisi. Ni sisi tuwajibikao kujifunza.